Mashine ya Hesabu Katika Nyumba ya Chai

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii ni fupi, lakini ndani yake mna elimu nzima ya uendeshaji wa biashara. Haisemi kwamba mali isiyoandikwa lazima iibwe, wala haisemi kwamba mwenye mali hiyo ni mvivu. Husema tu kwamba mali huisha, na mwenyewe hapati habari mpaka imekwisha. Hasara ya mfanyabiashara, basi, si kukosa fedha peke yake. Ni kukosa habari katika saa ambayo habari hiyo ingaliweza kumfaa. Daftari linalosomwa baada ya bidhaa kuoza haliokoi kitu.

Mwenye duka moja hahitaji mashine ya kumwamulia jambo. Rafu zake ziko mbele ya macho yake, wateja wake awajua kwa majina, na daftari lake huenda na kurudi nyumbani chini ya kwapa. Walakini duka moja likiwa maduka mia, mwenyewe hawezi tena kuona kwa macho yake. Kati yake na rafu husimama msururu wa makarani, na kila karani huandika alichoambiwa na mwingine. Habari inapofika mezani kwa mkuu imechoka kwa safari, na mara nyingi imechelewa. Haja ya kuifupisha safari hiyo ndiyo iliyoiingiza kompyuta katika biashara. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba haikuanzia katika benki, wala katika reli, wala katika viwanda vya chuma. Ilianzia kwa waoka mikate na wauza chai wa London.

Kampuni ya J. Lyons iliasisiwa mwaka 1887, na katika mwaka 1894 ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa chai katika mtaa wa Piccadilly. Watu wa kipato cha kati na cha chini walipata humo chai safi, keki na mkate kwa bei nafuu, mahali penye heshima. Mikahawa iliongezeka mpaka ikapita mia mbili. Makao makuu yalikuwa Cadby Hall, magharibi ya London, palipokuwa na matanuri ya mikate na keki; na kiwanda cha chai kilikuwa Greenford. Kampuni ilikuwa hata na shamba lake la chai huko Lujeri, katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Biashara ya namna hii ni ngumu kuliko ionekanavyo. Faida ya kikombe kimoja cha chai au kipande kimoja cha keki ilikuwa sehemu ndogo ya peni. Utajiri ulitoka katika wingi: vikombe malaki, vipande malaki, kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini ni kweli vilevile kwamba haba na haba hukimwaga. Keki iliyopungukiwa bei kidogo sana haimtii hofu mtu anayeiuza moja. Kwa anayeuza malaki ni tundu katika ghala. Gharama ya kuyaandika mauzo madogo yaliyo mengi hivi yaweza kuila faida yote ya mauzo hayo. Kwa sababu hii Lyons ilikuwa na jeshi la makarani, wengi wao wasichana, ambao kutwa walijumlisha ankara na kuzilinganisha.

Katika mwaka 1923 kampuni ilimwajiri kijana mmoja aliyehitimu hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, jina lake John Simmons. Alitazamiwa kuangalia hesabu, naye aliangalia zaidi ya hesabu. Simmons hakuridhika na desturi ya kuandika yaliyopita kwa ajili ya kuyahifadhi tu. Kwake yeye kazi ya ofisi ilikuwa kumpa msimamizi habari ya kuamulia. Karatasi isiyomsaidia mtu kuamua neno haikuwa na haki ya kuandikwa. Kwa mawazo haya ikaanzishwa idara ya kuchunguza taratibu za kazi katika miaka ya 1930. Watu wa idara hiyo walizunguka ofisi baada ya ofisi wakiuliza maswali mepesi: karatasi hii yatoka wapi, yaenda kwa nani, na huyo aipokeaye huifanyia nini? Mara nyingi ilionekana kwamba aliyeipokea huiweka jalalani tu. Maswali haya yalikuwa yakiulizwa kabla kompyuta haijakuwako duniani. Ndiyo yaliyoandaa njia yake.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Simmons alituma watu wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, waende Marekani kuona mbinu mpya za ofisi. Walisafiri mwaka 1947. Katika ofisi walizozitembelea hawakuona mengi ya kuwashangaza. Mashine za kadi zilizotobolewa walikuwa wakizijua tangu zamani. Kilichowavutia ni habari za mashine za umeme zilizotengenezwa wakati wa vita kwa ajili ya hesabu za mizinga. Walifika Princeton kuonana na Herman Goldstine, mmoja wa mabingwa wa mashine hizo. Goldstine aliwasikiliza wakieleza jinsi mashine ya wanahesabu inavyoweza kuwa mashine ya karani, akavutiwa na fikira hiyo. Kisha akawapa habari wasiyoitazamia: si mbali na kwao, huko huko Cambridge, mtaalamu aitwaye Maurice Wilkes alikuwa akiijenga mashine ya namna hiyo. Walikuwa wamevuka bahari kuelezwa habari za jirani yao.

Waliporudi waliandika taarifa, na taarifa ikafika mbele ya wakurugenzi. Yafaa kufikiri uzito wa shauri lililowakabili. Hapakuwa na duka liliouza mashine hiyo. Hapakuwa na kampuni iliyokwisha kuitumia, hata mtu akaulize kama inafaa. Hata yule aliyekuwa akiijenga alikuwa hajaimaliza. Wakurugenzi hawakuwa na daftari la kuwaongoza, kwa maana daftari huandika yaliyokuwa, na jambo hili lilikuwa halijawa. Wakaamua kwa tahadhari: waliipa Cambridge pauni 3,000 na kumwazima Wilkes fundi wao mmoja, Ernest Lenaerts, ili kazi iharakishwe, kwa malipo hayo wao wangepata maarifa. Mashine ya Cambridge, iliyoitwa EDSAC, ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Hapo ndipo Lyons ilipoazimia kujenga ya kwake.

Mhandisi aliyekabidhiwa kazi alikuwa John Pinkerton. Mashine ilipewa jina la LEO, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya umeme ya Lyons. Ilijaza chumba kizima. Ilikuwa na maelfu ya valvu zilizowaka kama taa na kutoa joto jingi, na kumbukumbu yake ilikuwa katika mirija iliyojaa zebaki, ambamo namba zilipita kama mawimbi ya sauti, zikafika mwisho, zikarudishwa mwanzo, zisipotee. Simu ya mkononi ya leo ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo kwa mamilioni ya mara. Walakini taabu kubwa ya Pinkerton haikuwa hesabu yenyewe. Mwanachuo huipa mashine namba chache na kuitaka ifanye hesabu ndefu. Mfanyabiashara huipa namba nyingi mno na kuitaka ifanye hesabu fupi. Mashine iliyohesabu upesi ilikaa bure ikingoja kadi ziingizwe na majibu yachapwe. Kuingiza na kutoa, ambako kwa wataalamu kulikuwa jambo dogo, kwa waoka mikate kulikuwa nusu ya kazi nzima.

Kazi ya kwanza ya biashara ilijaribiwa katika LEO mwezi Septemba 1951, na kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo ilikuwa ikifanywa kila juma kama ada. Ilikuwa hesabu ya thamani ya mikate na keki: kiasi gani kimeokwa, kwa gharama gani, na kiasi gani kimepelekwa wapi, na kwa thamani gani. Kwa kazi hiyo LEO huhesabiwa kuwa kompyuta ya kwanza duniani iliyofanya kazi ya kawaida ya biashara. Haikufyatua kombora wala haikuvunja siri ya adui. Ilikadiria keki.

Mtu anaweza kuidharau kazi hiyo, lakini msimamizi wa tanuri hakuidharau. Hesabu ya makarani ilikuwa ikimwambia amefanya nini zamani. Hesabu hii ilimfikia wakati tanuri lingali moto. Kama aina moja ya keki ilikuwa ikila faida ya nyingine, aliweza kujua mapema na kuamua: aipandishe bei, apunguze gharama, au aiache. Mashine haikumwambia aiache. Ilimwambia tu kwamba inakula.

Tofauti hii, kati ya kuambiwa hali na kuambiwa la kufanya, ilifahamika vizuri kwa David Caminer, aliyesimamia utungaji wa programu za LEO. Caminer hakuwa mwanahesabu wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa ofisi, aliyejua jinsi karatasi zinavyosafiri na mahali ambapo huchelewa au hupotea. Sheria yake ilikuwa kwamba kazi haiingizwi katika mashine mpaka imechunguzwa yote, toka chanzo mpaka kikomo, pamoja na kila ajali inayoweza kuipata. Kadi ikipotea itakuwaje? Mtu akipiga namba ya keki kumi badala ya moja, nani atagundua? Umeme ukikatika katikati ya hesabu, kazi itaanzia wapi? Michoro ya kazi ilichorwa katika karatasi kubwa na kukaguliwa na mtu asiyeichora. Utaratibu huu ulikuwa wa polepole, na wengine waliuona mkali. Lakini ulikuwa na hekima yake: mashine hailiondoi kosa lililomo katika kazi, bali hulikariri kwa mbio kuliko karani yeyote.

Hesabu ya mishahara ilithibitisha jambo hilo. Karani mzoefu alihitaji yapata dakika nane kuukokotoa mshahara wa mtu mmoja pamoja na kodi na makato yake. LEO ilihitaji sekunde moja na nusu. Lakini mshahara si keki. Keki ikikosewa hesabu kampuni hupoteza peni. Mshahara ukikosewa mtu hulala na njaa, na mashine haina uso wa kukabili malalamiko yake. Kwa hiyo kazi hiyo ilifanywa sambamba na hesabu za makarani kwa muda, majibu yakilinganishwa, kabla ya kuaminiwa peke yake mwanzoni mwa mwaka 1954. Subira hiyo haikuzaa sifa katika magazeti, lakini ilizaa imani, na imani ndiyo mtaji wa mashine yoyote inayotumiwa na watu kuamulia mambo.

Kazi iliyoonyesha wazi zaidi maana ya LEO ilikuwa ya mikahawa yenyewe, nayo ilianza mwaka 1954. Hapo awali mkuu wa kila mkahawa, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, alijaza kila siku karatasi ya vitu alivyovitaka kwa siku iliyofuata. Orodha ilikuwa ndefu na kuijaza kulichosha. Na mtu aliyechoka huandika yale aliyoyaandika jana. Caminer na wenzake waliugeuza mtindo huo. Kila mkahawa uliwekewa agizo la kudumu kwa kila siku ya juma, kwa kuwa mauzo ya Jumatatu hayafanani na ya Jumamosi. Alasiri mkuu wa mkahawa alipigiwa simu kwa saa maalumu, naye alitaja mabadiliko peke yake: ongeza hiki, punguza kile. Msichana aliyesikiliza upande wa pili aliyatoboa maneno hayo katika kadi papo hapo. Kadi zikaingia katika mashine, na mashine ikatoa jumla ya vitu vya kuokwa usiku, orodha ya kupakia magari, na hesabu za kila mkahawa, vyote kwa mpigo mmoja. Asubuhi mikate ilikuwa mlangoni.

Utaratibu huu wastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ndani yake kazi iligawanywa kwa haki baina ya mashine na mwanadamu. Mashine ilibeba yale yanayojirudia: agizo la kawaida, jumla, bei, mgawanyo wa magari. Mwanamke aliyesimamia mkahawa aliachiwa lile lisilojirudia. Aliweza kutazama mbingu na kujua kama mvua itawafukuza watu barabarani au itawasukuma ndani. Alijua kama ofisi ya jirani imefungwa, au kama kuna sherehe mtaani. Maarifa haya hayakuwamo katika kadi yoyote. Kama angalilazimishwa kuijaza orodha nzima, maarifa yake yangalizama katika uchovu. Kama mashine ingaliachiwa kuagiza yote, maarifa yake yangalipuuzwa. Utaratibu ulimwondolea mzigo wa kukariri ukamwachia heshima ya kuamua. Na wakubwa wa kampuni nao hawakuletewa marundo ya tarakimu. Waliletewa yale yaliyotoka nje ya kawaida, ili macho yao yaende mahali palipo na neno.

Chai nayo ilikuwa na kazi yake katika mashine: hesabu za akiba ya majani na za michanganyiko. Lakini kuionja chai kulibaki kwa waonjaji. Hakuna aliyefikiri kuipa LEO kijiko.

Habari zilienea, na makampuni mengine yakataka kufanyiwa hesabu zao. Mwaka 1954 Lyons iliunda kampuni ya kujenga na kuuza kompyuta. Ikafuata LEO II, kisha LEO III mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mojawapo ya hizo za mwisho ilivuka bahari ikafika Johannesburg kwa wenye migodi ya dhahabu. Lakini kujenga mashine kulihitaji mtaji wa namna nyingine kabisa, na washindani wa Marekani walikuwa wakubwa. Mwaka 1963 kampuni ya LEO iliunganishwa na English Electric, na baadaye jina lake likamezwa na majina mengine. LEO ya kwanza ilizimwa Januari 1965, baada ya kuhudumu zaidi ya miaka kumi na mitatu. Muoka mikate alirudi kuwa muoka mikate.

Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa Marekani walikuwa wakitafuta maneno ya kueleza yale ambayo watu wa Cadby Hall waliyatenda bila kuyapa jina. Herbert Simon, katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliyagawa maamuzi ya wasimamizi katika namna mbili: yale yanayojirudia, ambayo yaweza kuwekewa kanuni, na yale mapya, ambayo hayana kanuni iliyo tayari. Mwaka 1967 Russell Ackoff aliandika makala akipinga imani iliyokuwa ikienea kwamba meneja akipewa habari nyingi zaidi ataamua vizuri zaidi. Alisema kwamba taabu ya mameneja wengi haikuwa uchache wa habari zinazofaa, bali wingi wa habari zisizofaa. Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton, wa chuo cha MIT, walitoa jina lililoenea mpaka leo: mifumo ya kusaidia uamuzi. Walieleza kwamba kompyuta zilikuwa zimetumika mno katika kazi zenye kanuni, na kwamba manufaa makubwa yalikuwa yakingoja mahali ambapo kanuni huishia katikati, na akili ya mtu huanza kutembea. Hapo mashine haichukui nafasi ya mtu. Hukaa kando yake, hujibu maswali yake, humwonyesha matokeo ya kila njia, kisha hunyamaza.

Neno la kuangaliwa katika jina hilo ni kusaidia. Halikusema mifumo ya kuamua. Na tangu mwaka 1979, ilipotoka VisiCalc, programu ya Dan Bricklin na Bob Frankston iliyoligeuza daftari la safu na mistari kuwa kitu chenye uhai, msaada huo uliwafikia hata wafanyabiashara wadogo. Mtu aliibadili bei moja, na jumla zote zilizoitegemea zikabadilika mbele ya macho yake. Swali la "ikiwa hivi, itakuwaje?" ambalo zamani lilimchukua karani siku nzima, lilijibiwa kabla mwenye kuuliza hajainua mkono wake.

Hadithi ya Lyons ingaliishia hapo ingalikuwa hadithi ya ushindi. Haikuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakurugenzi waliamua kuikuza kampuni kwa haraka kwa kununua kampuni nyingine za chakula, zikiwamo za ng'ambo. Mwaka 1973 waliinunua Baskin-Robbins, wauza aiskrimu wa Marekani. Fedha za ununuzi huo kwa sehemu kubwa zilikuwa za mkopo, na mikopo mingi ilikuwa katika fedha za kigeni. Mwishoni mwa mwaka huo bei ya mafuta ikapanda duniani kote, na riba nazo zilikuwa juu. Mwaka 1976 thamani ya pauni ikaanguka. Deni lililokopwa kwa dola likawa kubwa kuliko lilivyokuwa, ingawa hakuna dola moja iliyoongezwa, kwa kuwa pauni za kulilipia zilikuwa zimepungua nguvu. Kampuni ilianza kuuza mali zake ili kuulipa mkopo, na mwaka 1978 yenyewe ikachukuliwa na kampuni ya pombe, Allied Breweries. Kampuni iliyoifundisha dunia kuhesabu keki kwa umeme ilizidiwa na hesabu ya deni.

Haitakuwa haki kuwacheka wakurugenzi wale. Wengi waliokuwa na akili na kompyuta walianguka katika miaka ile, na hapakuwa na mtu aliyeijua tarehe ambayo mafuta yangepanda. Walakini anguko hilo lina funzo ambalo ushindi wa LEO usingaliweza kulifundisha. Jumla ya deni ikiwa katika dola, na pauni ikishuka kwa kiasi fulani, deni litakuwa kiasi gani katika pauni? Hesabu hiyo ni nyepesi kuliko mshahara wa karani mmoja. Mashine yoyote ya miaka ile ingaliweza kuifanya kufumba na kufumbua. Ugumu hauko katika kuhesabu. Uko katika kulitaka swali lenyewe, kukaa nalo mezani pamoja na jibu lisilopendeza, na kulipa jibu hilo uzito wakati kila mtu chumbani anataka kusonga mbele. Hakuna kadi inayoweza kutobolewa kwa kazi hiyo.

Tofauti baina ya mwaka 1951 na miaka ya 1970, basi, haikuwa ubora wa mashine, kwa maana mashine zilikuwa zimekuwa bora mara nyingi. Katika kazi ya mikate, maswali yalitangulia: Simmons na watu wake walikuwa wamekwisha kuuliza kwa miaka ishirini kila karatasi yatoka wapi na yamfaa nani. Mashine ilipokuja ilikuta maswali yaliyoiva, ikayajibu. Na yule mwanamke wa mkahawa aliulizwa kila alasiri, naye neno lake likaingia katika hesabu. Katika mashauri makubwa ya fedha na bahati hakuna simu inayopigwa kwa saa maalumu. Mkuu lazima ajiulize mwenyewe, au awe na mtu karibu naye asiyeogopa kumwuliza.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, husema wahenga, na kompyuta haikuibatilisha kauli yao. Leo mashine zinazotabiri mauzo, zinazopendekeza bei na kupanga safari za magari zimeenea kila mahali, na baadhi yake hujibu kwa maneno kama mtu. Kila moja ni mjukuu wa LEO, na kila mmoja anayeitumia amerithi pamoja nayo mgawanyo ule wa kazi uliofanywa Cadby Hall: yanayojirudia yabebwe na mashine, na yasiyojirudia yabaki kwa mwenye kuona mbingu. Daftari la siku hizi ni zuri kupita madaftari yote yaliyowahi kuandikwa. Mali haina tena udhuru wa kuisha bila habari. Imebaki njia moja tu ya zamani ya kuipoteza, nayo ni kuwa na habari na kutoitaka.